Maganda Mekundu ya Musanda

Senge alizikwa mwezi wa pili, na mwezi wa nne nikapanda basi kwenda Nairobi nikiwa na kipande cha nyumba yake ndani ya mkoba. Senge kwetu ni shangazi, dada ya baba, na huyu ndiye niliyeishi kwake mwaka ninaotaka kuusimulia. Kipande chenyewe ni ganda la rangi nyekundu, pana kama sinia la chai, nalo nyuma limeshikana na udongo. Nililipata chini kabisa ya sanduku lake la mabati, chini ya leso ambazo hakuwahi kuzivaa, limefungwa kwa mfuko wa karatasi wa sukari. Wajukuu walikuwa wanapanga vitu vya kugawa na vitu vya kutupa, na mmoja akaliweka upande wa kutupa. Nikamwambia aliache hapo, lina mwenyewe. Kisha nikakaa kwenye kitanda cha marehemu nikajiuliza huyo mwenyewe ni nani hasa, Senge au Muhonja. Nilikaa na swali hilo wiki nzima, halafu nikaamua kwamba ni Muhonja, na kwamba mimi ndiye nitakayempelekea.

Muhonja ni mchoraji. Siku hizi ana jina, na alikuwa amenipigia simu mwenyewe kunialika kwenye maonyesho ya kazi zake za maisha yote. Jumba lenyewe lilikuwa na sakafu safi hata nikataka kuvua viatu mlangoni. Nilizunguka vyumba viwili nikatazama vitu ambavyo sikuvielewa na vingine ambavyo nilivipenda bila kuvielewa, mpaka nikafika chumba cha mwisho nikaiona ile kazi yake ya Musanda. Ilikuwa imejaza ukuta mzima: magunia yaliyoshonwa pamoja, na juu yake maganda ya rangi nyekundu, makubwa kwa madogo, yamepangwa kama mtu anavyopanga mawe ya kivukoni. Katikati, kushoto kidogo, palikuwa na pengo ambapo gunia lilionekana tupu. Kijana mmoja na msichana wake walikuwa wamesimama mbele yake. Msichana alikuwa anasoma kwa sauti karatasi iliyobandikwa pembeni, na karatasi ilisema kwamba nyekundu hii ni damu ya ardhi, na pengo ni wale wote waliosahaulika. Niliisoma na mimi baada yao, tena mara ya pili. Sikuona uongo mkubwa hapo. Ila mimi nilijua kwamba pengo lile lina kipimo chake, kwa sababu kipimo chenyewe nilikuwa nimekibeba kwapani.

Nilivyofika kwa Senge ni habari ndefu isiyo na utamu, tuiache. Niseme tu kwamba nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nalala kwake Musanda, na kila asubuhi naendesha baiskeli hadi Mumias, ambako niliuza rangi na misumari kwenye duka la Mzee Rajabu. Mwaka huo pesa za miwa zilikuwa zimeanza kuingia. Watu walikuwa wameng'oa mahindi wakapanda miwa, wakangoja hadi wengine wakaanza kuilaani, halafu siku moja trekta zikaja, miwa ikaenda kiwandani, na wanaume wakarudi kutoka mjini wakitembea katikati ya barabara. Mmoja alinunua redio kubwa kuliko meza ya kuiwekea. Mwingine alinunua suti na mke wa pili, kwa mpangilio huo. Na karibu wote walipitia dukani kwetu kuchukua rangi. Mzee Rajabu alikuwa na shehena ya rangi nyekundu ya mafuta, ile ya kupaka mabati na milango, kwa sababu ndiyo waliyompa Kisumu. Wa kwanza kuipaka nyumba ya udongo alikuwa Makokha, jirani yetu. Ukuta wake ulionekana kutoka ng'ambo ya mto. Baada ya hapo, nani angekubali kubaki nyuma? Kufikia mwisho wa Januari, kutoka kwetu hadi sokoni, nyumba zilikuwa nyekundu pande zote mbili za njia, na mimi ndiye niliyezifungulia madebe.

Senge naye alipaka. Hapo ndipo huwa nasimama kidogo kila ninapoikumbuka, maana nyumba ya Senge haikuhitaji rangi ya mtu. Kila Disemba wanawake wa kwetu walikuwa wanakandika kuta upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe, halafu wanachora kwa vidole wakati ukuta bado ni mbichi. Senge alijulikana kwa mkono wake. Alikuwa anaanzia kwa mlango, vidole vitatu pamoja, anavuta mawimbi mpaka kwenye kona bila kuinua mkono, kisha anarudi kinyume. Watu walikuwa wanasimama njiani kuangalia. Lakini hicho ni kitu cha bure, na mwaka ule kitu cha bure kilikuwa kimepoteza heshima. Pesa zake za miwa zilipotoka aliniambia, "Pina, niletee ile ya Makokha." Nikamletea madebe mawili kwa karia ya baiskeli. Alipaka juu ya mawimbi yake mwenyewe siku moja tu, akanawa mikono na mafuta ya taa, akakaa nje akaitazama nyumba hadi ugali ukaungua. Alikuwa na furaha, nisimsingizie.

Muhonja alikuja mwezi huohuo. Alikuwa wa Shinyalu, msichana mrefu mwenye kucha chafu, na alikuja kushika nafasi ya mwalimu aliyeenda kujifungua kwenye shule ya msingi ya karibu. Senge alimkodisha chumba kidogo kilichoshikana na jikoni. Jioni ya kwanza Senge alichinja, maana mgeni ni mgeni, na tukala obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, tukiwa tumezunguka moto. Senge akamuuliza kwa nini mtu aliyesoma chuo Nairobi anakuja kufundisha watoto kuhesabu vijiti. Muhonja hakujificha. Alisema amesomea uchoraji, na babake, karani wa misheni kule Mukumu, amechoka naye. Amempa hadi Krismasi. Kufikia hapo amwonyeshe kazi moja ambayo mtu mzima anaweza kusimama mbele yake akaiita kazi. Akishindwa, Januari anaenda kusomea uhazili, apige taipu kama wasichana wengine.

"Na hiyo kazi," Senge akauliza, "ni ya kufanya nini?"

"Ya kutazamwa, Senge."

"Kutazamwa tu?"

"Tu."

Senge alifikiria huku anavunja mfupa. "Kula nyama kwanza," akasema. Lakini niliona ameshikwa. Siku zilizofuata alikuwa anapita mbele ya mlango wa Muhonja bila sababu, akichungulia kama kuna kitu cha kutazamwa.

Hakikuwapo. Muhonja alichora ng'ombe, akachana. Alichora trekta, akachana. Halafu mvua za masika zikaja, na nyumba zikaanza kubanduka. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba ukuta wa udongo hupumua. Unakunywa maji ya mvua na kuyatoa jua likiwaka, na sisi tulikuwa tumeufunga mdomo kwa rangi ya mabati. Ikaanza malengelenge madogo, kisha makubwa, kisha siku moja asubuhi nikasikia kitu kinaanguka nje taratibu, nikatoka nikakuta kipande cha nyumba ya Makokha kimelala kwenye matope. Rangi haikutoka peke yake. Ilitoka na ngozi ya ukuta. Kijiji kizima kilijifanya hakioni. Ulikuwa ukipita kwa mtu unamsalimia huku unaangalia miguu yako, kwa heshima. Nilimuuliza Mzee Rajabu kama alijua, naye akaweka mkono kifuani. "Binti yangu, wallahi mimi nauza. Sijawahi kupaka nyumba hata yangu." Na ilikuwa kweli, ya kwake ilikuwa ya mawe.

Muhonja peke yake ndiye aliyefurahi, na hakujua kuficha. Alianza kuokota maganda akitoka shule, anayabeba kwenye sinia kama maandazi. Nilikuwa nimehamia chumbani kwake, chenye kitanda kimoja, nasi tukaanza kulala tumejikunyata sakafuni, yeye na mimi, kwa sababu kitanda kilikuwa cha maganda. Hapo ndipo nilipoanza kuona. Mimi nilikuwa nauza nyekundu, nilidhani naijua: iko kwenye debe, ina namba. Muhonja aliyapanga maganda mbele ya mlango jua likiwa juu akaniuliza, "Hii na hii ni moja?" Hayakuwa moja. Moja lilikuwa limepauka kama ulimi. Jingine lilikuwa na weusi wa maini. La nyumba iliyo karibu na barabara ya trekta lilikuwa na vumbi ndani yake, na la nyumba iliyotazama mto lilikuwa linang'aa bado. Rangi ya debe moja, duka moja, mwaka mmoja. Nilianza kuendesha baiskeli polepole. Nilitazama upanga wa jogoo, kichuguu baada ya mvua, joho la padri siku ya Pentekoste, nikawa najiuliza kila moja ningeiita nini kama mteja angeiomba. Mzee Rajabu alinikuta nimeegemea kaunta nalinganisha vifuniko viwili vya madebe, akasema, "Bismillahi, huyu sasa ameanza kupendwa na mtu." Haikuwa mbali na ukweli, ila aliyenipenda hakuwa mtu.

Gundi ilitusumbua. Kwanza Muhonja alibandika maganda kwenye magunia kwa uji mzito wa muhogo, na mende wakaula usiku wote, asubuhi maganda yako chini. Nikamletea gundi ya seremala kutoka dukani. Hiyo ilishika. Kufikia mwezi wa nane kazi ilikuwa inajaza chumba, na katikati yake alikuwa ameweka ganda la nyumba ya Senge, kubwa kuliko yote, kwa sababu, alivyosema, hilo ndilo lililoyakalisha mengine. Ukilitoa, yote yalionekana yanatafuta pa kwenda. Nilijaribu kulifunika kwa mkono nikaona ni kweli, na sijui mpaka leo kwa nini ni kweli.

Lakini kijiji nacho kina macho. Mgeni wa kutoka Shinyalu, hana mume, hana mtoto, anaokota vipande vya nyumba za watu na kuvilaza kitandani. Maneno yalianzia kisimani. Kisha yakafika kanisani. Jumapili moja baada ya misa liguru, ndiye mzee wa kijiji chetu, aliingia kwa boma la Senge na watu nyuma yake, Makokha akiwa mbele. Hawakuwa na kelele, na hiyo ndiyo iliyonitia baridi.

"Mwalimu," liguru akasema, "watu wananiambia unaokotanga nyumba zao."

"Naokota rangi, mzee."

"Nywele ikianguka, mtu anachoma," Makokha akasema. "Kucha anazika. Sasa ganda ya nyumba yangu inalalanga kwa kitanda ya mtu simjui, na mtoto wangu anakohoa tangu mvua. Mimi sisemi mambo mingi. Ichomwe."

Mtu akasema kiberiti kiko. Muhonja, aliyekuwa na maneno ya kila kitu, alirudi tu akasimama mlangoni pa chumba chake. Niliona Krismasi ya babake ikiondoka. Senge alikuwa amekaa mlangoni kwake anachambua mboga ya mrenda. Aliweka ungo chini.

"Mtu kabla hajachoma kitu," akasema, "anaangalianga kwanza nini anachoma. Mwalimu, leta."

Tulitoa yale magunia tukiwa watu wanne, tukayapachika kwenye misumari ya ukuta wa nje wa Senge, ule uliobaki uchi. Watu walirudi nyuma. Nyekundu yote ya kijiji ilikuwa imesimama pale kwa pamoja, kwa mara ya kwanza, na jua la saa nane likaipiga. Kisha mke wa Makokha akanyoosha kidole.

"Hiyo imepauka, si ni yetu? Baba, ni ile uliongeza mafuta ya taa ndiyo itoshe."

Mtu akacheka. Makokha akasema iliisha, angefanya nini, halafu akasogea kuhakikisha. Ilikuwa yake. Akaweka kidole kwenye kona akasema hapa ndipo palikuwa dirisha. Basi wakaja wote. Walitafuta nyumba zao kama watu wanaotafuta nyuso zao kwenye picha ya shule. Mama mmoja alikuta alama ya kiganja kidogo, mwanawe alikuwa ameshika rangi mbichi akachapwa, na sasa mtoto mwenyewe akaletwa ajaribu mkono, haukuingia tena, alikuwa amekua. Walibishana ni nani aliyepaka vizuri. Mmoja alimwomba Muhonja ganda lake lihamishwe juu ya la Makokha. Liguru alingoja wachoke, kisha akatoa uamuzi: kila mwenye nyumba aseme. Anayekubali, chake kikae. Asiyekubali, achukue chake aende. Akawauliza mmoja mmoja, nao wakakubali, Makokha naye, kwa kunung'unika. Senge akawa wa mwisho. Liguru hata hakumuuliza sawasawa, alimtazama tu akitabasamu, maana nani asingejua jibu lake?

Senge alikaribia. Aliingiza vidole chini ya ukingo wa ganda lake, akaliinua kidogo, akachungulia nyuma yake. Alikaa hivyo, ameinama. Kisha akaniomba kisu cha jikoni. Nilidhani anataka kulikaza. Akaikata gundi yake polepole, pande zote, mpaka likatoka zima, akaligeuza juani. Nyuma, kwenye udongo, yalikuwapo mawimbi yake. Vidole vitatu, kutoka ukingo hadi ukingo, vimetoka na rangi bila kuharibika.

"Hii hapana," akasema.

"Senge," Muhonja akasema, "nitaligeuza. Nitaweka mkono wako mbele, watu wauone."

"Nimesema hapana, mwana wanje."

Alimwita mwanangu, kwa lugha ya kwetu, kisha akaingia nalo ndani. Watu walitawanyika bila kujua kama wamefurahi.

Nilimkasirikia. Nilimwandama hadi jikoni nikamuuliza kwa nini alimtetea mtu kisha akamkata mguu. Alingoja maji ya ugali yachemke. "Kusema yeye ni mchawi ni uongo, ndio nikakataa," akasema. "Hii si uongo. Hii ni mkono yangu. Mimi mwenyewe nilinunua rangi nikafunika mkono yangu kwa sababu Makokha alifunika yake. Sasa imerudi, na nyinyi mnataka iende Nairobi?" Alisonga ugali kwa nguvu kuliko ulivyohitaji. Muhonja hakula jioni ile, na asubuhi Senge alimbandikia chai ya maziwa akamwachia mlangoni, sukari vijiko vingi, nayo ikanywewa.

Nilimsihi Muhonja azibe pengo. Maganda yalikuwepo tele, kila mvua ilileta mengine. Alijaribu moja, akalitoa. Akajaribu mawili pamoja, akayatoa. Novemba yote nilimkuta amekaa kitandani anatazama gunia tupu, na mimi nikihesabu siku za babake kimoyomoyo. Baba huyo alikuja wiki ya Krismasi, amevaa tai, na Senge akampokea kwa chai kabla hajaonyeshwa chochote. Tulipachika magunia nje tena. Alisimama mbele yake mikono nyuma, kama mtu aliye kwenye ukaguzi. Macho yake yalienda kila mahali yakarudi palepale.

"Na hapa?"

"Hapo mwenye nyumba alikataa," Muhonja akasema.

Mzee alimgeukia Senge. Senge akamtazama bila kupepesa, kikombe mkononi. Yule baba alirudi kutazama, akakaa sana, hata chai yake ikapoa. Alipoondoka alimwambia bintiye amsalimie mwalimu mkuu. Neno la uhazili hakulitaja, wala hakulitaja Januari.

Haya yote nilikuwa nayo kichwani nilipomkuta Muhonja kwenye kile chumba cha mwisho cha jumba la Nairobi. Nywele zake zimekuwa nyeupe, kucha bado chafu. Tulishikana tukalia kidogo kwa ajili ya Senge, kisha nikafungua mkoba. Nikamwambia wajukuu walitaka kulitupa. Nikamwambia liweke, Muhonja, sasa hakuna wa kukataa. Alilitoa kwenye karatasi ya sukari akaligeuza upande wa udongo. Aliweka vidole vyake vitatu ndani ya mawimbi. Havikujaa, vya Senge vilikuwa vinene. Alivivuta taratibu mpaka ukingoni, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mtu anaweza kutazama kwa mkono.

Kisha akanyanyua macho kwenye pengo. Nilijua anapima, na mimi nilipima naye, na ganda lingeingia bila hata kisu.

"Pina," akasema, "alikuwa mzima akaniambia hapana. Nikiliweka leo, itakuwa miaka hii yote nilikuwa namngoja afe."

Akalifunga tena kwenye karatasi ileile, kwa mikunjo ileile ya Senge, akalirudisha ndani ya mkoba wangu, akavuta zipu mwenyewe.